Kumi na Nne, Andika!

Ubao ule ulikuwa mlango kabla haujawa benchi. Ulikuwa mlango wa nani, kila mtu ana hadithi yake, na zote ni za uongo. Sasa umelazwa juu ya matofali sita kati ya duka la Fundi, mshona nguo, na kibanda cha Kiwembe, kinyozi. Komeo lake bado lipo palepale katikati, linamchoma makalio yeyote anayekaa hapo, ndiyo maana katikati hukaribishwa wageni. Kila saa nane mchana Mama Birika huja kuegesha jiko lake la mkaa ubavuni mwa benchi, na kahawa ikishamiminwa, hakuna serikali, timu wala ndoa inayobaki salama. Alhamisi hiyo, lakini, kesi ilikuwa moja tu: Sindano anarudi. Sindano yuleyule aliyezaliwa vyumba vitatu nyuma ya benchi, mtoto wa mfua nguo, mwembamba wa kupita kwenye tundu la ufunguo, ambaye sasa anaimba katika nchi ambazo wanakijiwe hata kuzitamka wanaumia ulimi. Bango lake lilibandikwa asubuhi kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara: Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi mkubwa. Nusu ya mtaa ilikuwa na tiketi. Nusu nyingine ilikuwa inadai ni ndugu zake wa damu.

Fundi peke yake ndiye aliyesema haendi.

— Nina suruali tisa za kupinda — alisema kutoka mlangoni mwa duka, mguu juu ya pedali ya cherehani.

Uongo. Suruali zilikuwa tatu, na mbili zilikuwa zake mwenyewe.

Ukweli ni kwamba Sindano alikaa miaka minne mkabala na cherehani ile ile, akishona matundu ya vifungo, akikata vitambaa, akiandika vipimo daftarini, na akiimba kutwa nzima kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Na aliyemfukuza ni Fundi. Alimfukuza kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha mabasi. Binti akaondoka na mfuko mmoja wa plastiki, na miaka kumi na moja ikapita. Mwaka jana ukatoka ule wimbo wake unaopigwa dunia nzima, nao unaanza na neno ambalo Fundi analijua kuliko jina lake: “Andika!” Tangu hapo, kila ulipopigwa, Fundi alikanyaga pedali kwa nguvu mpaka cherehani ikaumeza. Kiitikio chote hajawahi kukisikia hata siku moja. Moyoni alikuwa na swali ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe: Sindano anakuja kuimba, au anakuja kumsuta mbele ya watu elfu mbili?

— Mimi ndiye niliyemtoa — alisema Kiwembe, kama alivyokuwa akisema tangu asubuhi. Kijana ana miaka ishirini na sita, ila ukimsikiliza utadhani hii ni mara yake ya tatu kuishi.

— Umemtoa wapi? — aliuliza Mama Birika. — Alipoondoka hapa ulikuwa na miaka kumi na mitano, unalia ukinyolewa.

— Nililia kwa sababu wembe ulikuwa butu, mama. Hebu sikiliza kwanza. Nilimwambia, “Dada, sauti hiyo usiimalizie kwenye matundu ya vifungo.” Akaniuliza, “Sasa niende wapi?” Nikamwonyesha kwa kidole. Akaenda.

— Ulimwonyesha choo — alisema Karani.

Karani ni mstaafu. Alipiga mihuri ofisini kwa miaka thelathini na tano, sasa anapiga porojo kwa kasi ileile. Ndiye msoma gazeti wa kijiwe, kwa sababu ndiye mwenye miwani, ingawa mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi mweusi wa Fundi. Alilikunjua gazeti, akakohoa kikohozi cha kiofisi.

— “Msanii huyu nyota wa muziki wa dunia...”

— Hapo hapo — Mama Birika alimkata. — Muziki wa dunia ndio upi? Kuna wa akhera?

— Muziki wa dunia — Karani alivua miwani — ni ule ambao anayeusikiliza haelewi maneno. Ukiyaelewa, huo ni muziki tu.

— Kwa hiyo sisi tukimsikiliza Sindano ni muziki tu?

— Sisi? Sisi ni kelele za jirani. Niache nisome. “Alianza kwa kuimba kwenye mapokezi ya hoteli alikokuwa akipanga funguo za vyumba. Gitaa alifundishwa na mpishi wa hoteli hiyo. Albamu ya kwanza aliiuza mwenyewe mkononi. Ya pili ilimpatia tuzo mbili. Mpaka sasa amepanda majukwaa ya nchi arobaini na moja.”

— Sasa hapo katikati wamekata — alisema Kiwembe. — Kutoka kwenye funguo mpaka nchi arobaini na moja, mtu anaruka vipi? Gazeti halijui. Mimi najua. Lifti iliharibika.

— Lifti gani?

— Ya hoteli! Sindano alinasa ndani na matajiri saba. Saa sita nzima, giza, joto, matajiri wameanza kulia kama watoto. Binti akaimba. Mlango ulipofunguliwa, wakagoma kutoka.

— Na mmoja wao alikuwa rais — alisema Mama Birika, akimimina.

— Wawili, mama. Nilikuwa nawapunguza ili mniamini.

Karani alipuuza, akashuka mistari miwili chini.

— Kuna hapa pazuri. “Shule yangu ya muziki ilikuwa duka la nguo. Mguu wa mwalimu wangu kwenye cherehani ndio ngoma ya kwanza kunifundisha mapigo.”

Cherehani ya Fundi ilinyamaza katikati ya mshono. Mwalimu wangu. Alilisikia neno lile likimshuka kifuani kama kahawa ya kwanza ya siku.

— “Alipoulizwa mwalimu huyo alikuwa mtu wa namna gani” — Karani aliendelea — “msanii alicheka tu.”

— Alicheka? — Fundi alitoa kichwa nje. — Alicheka vipi?

— Gazeti halisemi.

— Haiwezekani lisiseme! Kuna kucheka na kucheka! Kuna kucheka kwa mtu aliyefurahi, na kuna kucheka kwa mtu anayekusubiri kwenye kona!

— Fundi, hapa pameandikwa “alicheka tu”. Hiyo “tu” ndiyo yote waliyotupa.

Fundi akarudisha kichwa ndani. Ile kahawa ya kifuani ilikuwa imeshapoa.

Kiwembe, ambaye hapendi ukimya kwa sababu ukimya haumtaji, akanyoosha mkono dirishani mwa kibanda chake na kuwasha spika. Gitaa likaingia, kisha makofi, kisha sauti ile nyembamba inayokwaruza kidogo pembeni. Papo hapo pedali ya Fundi ikaanza kukimbia.

— Wee Fundi! — Mama Birika alipiga kelele. — Leo tunausikia wote, nawe ukiwemo!

Akainuka, akaingia dukani kama mwenye duka, akachomoa ukanda wa cherehani kutoka kwenye gurudumu na kuuvaa shingoni kama mkufu. Fundi akabaki anakanyaga hewa. Na kwa mara ya kwanza, kiitikio kikamfikia kizima:

*Andika! Kumi na tisa.*
*Andika! Arobaini na nne.*
*Andika! Thelathini na nane.*
*Andika! Kumi na nne.*
*Kumi na nne? Andika, usibishe!*

— Kumbe ni “kumi na nne”? — Kiwembe alishangaa. — Mimi siku zote naimba “kumi na nini”.

— Wewe hata jina lako unaliimba kwa kukisia — alisema Karani. — Sasa tulieni. Gazeti linasema kuna mtaalamu wa ng'ambo aliyeandika kurasa mia mbili kuhusu kiitikio hiki. Anasema Andika ni mungu wa mavuno, na hizo namba ni siku anazolala.

Benchi zima liliangua kicheko mpaka mlango ule wa zamani ukalia bawaba ambazo haunazo.

— Anayelala ni huyo mtaalamu! — alisema Mama Birika. — Sasa namba ni za nini? Semeni nyie wasomi.

— Ni simu — alisema Kiwembe. — Kumi na tisa, arobaini na nne, thelathini na nane, kumi na nne. Ukiziunganisha ni namba ya simu. Mimi nimeshapiga.

— Akapokea nani?

— Seremala mmoja. Hata sijasema haloo, akaniambia, “Siye mimi, simjui, sijawahi kumjua, na wewe ni wa mia tatu wiki hii.” Unaona? Mtu asiyejua kitu hakani haraka hivyo.

— Ni namba ya jalada — alisema Karani, sauti imeshuka. — Mnisikilize, maana hili nalijua. Mama yake Sindano aliwahi kuomba kiwanja. Jalada likapotea. Na majalada yetu yalikuwa na namba za mtindo huo huo, mbili mbili, nne nne. Huu wimbo ni malalamiko rasmi.

— Jalada lilipotelea mikononi mwa nani?

— Lilipotea lenyewe.

— Wewe! — Mama Birika alimnyooshea kikombe. — Basi nyote hamjui kitu. Hiyo ni miaka ya wanaume waliomposa. Wa kwanza alikuwa na kumi na tisa, akaonekana mtoto. Wa pili arobaini na nne, akaonekana babu. Wa tatu thelathini na nane, huyo alikaribia.

— Na wa kumi na nne?

— Huyo si Kiwembe huyu hapa!

— Nilikuwa na miaka kumi na mitano! — Kiwembe aliruka.

— Aha! Kwa hiyo umekiri ulimposa!

Vicheko vikapanda, Kiwembe akajifunika uso kwa taulo la wateja. Karani akaanza kueleza jinsi jalada linavyoweza kutembea peke yake kutoka kabati moja hadi lingine, Mama Birika akaongeza mchumba wa tano mwenye miaka sabini na punda. Fundi alikuwa bado amekaa na mguu juu ya pedali mfu, masikio yanamwaka. Mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini hawezi kuvumilia kusikia kazi yake inaitwa punda.

— Ni bega! — alifoka, akatoka nje. — Bega, kifua, kiuno, mkono! Vipimo vya koti! Mna vichwa vya kuning'inizia kofia tu?

Wote watatu wakamgeukia. Hata birika lilikuwa kama limeacha kuchemka.

— Vipimo? — Kiwembe alishusha taulo. — Vya nani?

— Sasa hapo — Karani alisimama — jambo limebadilika. Mwanamke akiimba vipimo vya koti la mwanamume nchi arobaini na moja, huo ni wimbo wa mapenzi. Yupo mtu. Na huenda yupo hapa hapa mtaani.

— Tupimane! — Kiwembe alishamvuta Fundi tepe ya kupimia shingoni kabla mwenyewe hajakataa. — Mzee Karani, geuka. Simama kama mtu anayepewa medali. Bega... mama yangu! Ishirini na saba!

— Ngapi?

— Ishirini na saba! Mzee Karani, wewe ni mtu au kabati?

— Punguza kumi — alisema Fundi kwa uchovu. — Tepe yangu inaanzia kumi. Inchi kumi za mwanzo ziliungua na pasi zamani sana. Unasoma, unapunguza kumi, ndiyo unatamka.

Mama Birika alimwangalia kama mtu anayeangalia sahani yenye nywele.

— Miaka yote hiyo unapimia watu na tepe iliyoungua? Umeshindwa kununua nyingine?

— Ya nini? Hesabu ninayo kichwani. Sijawahi kukosea.

— Basi mzee Karani bega ni kumi na saba — alitangaza Kiwembe. — Ametoka mashindanoni. Mama Birika?

— Nisogelee uone jinsi kahawa inavyovaliwa.

— Mama amejitoa. Tubaki mimi. Bega langu kumi na tisa! Mmeona? Kumi na tisa kamili! Nilisema mimi! Sasa kifua... — alijibana, akajivuta, akajaza pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. — Thelathini na... arobaini na... andikeni tu arobaini na nne.

— Thelathini na sita — alisoma Karani. — Na hiyo ni pamoja na majivuno. Pima mkono.

— Mkono... thelathini na tano, toa kumi, ishirini na tano.

— Wa wimbo ni kumi na nne.

— Wa kwako, mzee?

— Thelathini na nne, toa kumi, ishirini na nne.

Wakatazamana.

— Subirini kwanza — alisema Mama Birika. — Kifua arobaini na nne, hilo ni dume la mtu. Lakini mkono inchi kumi na nne? Mtu gani mwenye kifua cha mlango na mkono wa kijiko?

— Bata — alisema Karani.

— Pengwini — alisema Kiwembe. — Yule ndege wa baridi anayetembea kama suruali imembana. Jamani, dada yetu huko ng'ambo amependa pengwini!

Wakacheka tena, ila Fundi hakucheka. Alimsogelea Karani, akaichukua tepe, akainyoosha mwenyewe kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono wa mzee yule. Thelathini na nne. Akatoa kumi. Ishirini na nne, mkono wa mtu mzima wa kawaida. Midomo yake ikawa inacheza. Akatoa kumi tena.

Kumi na nne.

Hapo ikamjia yote kwa mpigo, kama taa ya ukumbini. Mkandarasi mmoja, jitu la kifua kipana, amesimama hapa dukani, simu sikioni, anagombana na watu wa mchanga. Kitambaa cha sufu cha mirabaraba alichokileta mwenyewe kwenye begi. Yeye Fundi, tepe mkononi, sikio moja kwenye ugomvi wa mchanga. Amesoma, ametoa kumi, ameanza kufikiria mchanga, ametoa kumi tena. Na yule binti, kalamu juu ya daftari, ameinua uso: “Kumi na nne, Fundi?” Naye bila hata kumtazama: “Andika, usibishe!”

Fundi aliketi. Aliketi katikati ya benchi, juu ya komeo, na wala hakusikia kitu.

— Fundi, umekalia chuma — alisema Mama Birika taratibu.

— Aliniuliza — alisema Fundi. — Mtoto aliniuliza. Mimi nilikumbuka koti tu. Nilikumbuka mkandarasi analivaa, mikono imeishia kwenye kiwiko, anatukana mpaka wazazi wangu waliokufa. Nikamwambia Sindano amekata vibaya kwa sababu ya kuimba kazini. Nikamwambia achague, mkasi au mdomo. Miaka kumi na moja nasema alikata vibaya. Kumbe alikata nilichotamka.

Akawaeleza hesabu yake ya kumi mara mbili. Karani, mtu wa mihuri, alihakiki kwenye pembe ya gazeti, akaona ni kweli.

— Na koti lenyewe likaenda wapi? — aliuliza Mama Birika.

— Mkandarasi alilitupa hapo chini. Mimi nikaliokota, nikamrushia Sindano mgongoni wakati anaondoka. Nikamwambia, “Livae mwenyewe!”

Kichwa kimoja kilianza kugeuka, kikafuata cha pili, mpaka vyote vinne vikawa vinatazama nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Pale kwenye bango Sindano alikuwa amefumba macho, mdomo wazi mbele ya kipaza sauti, amevaa koti pana la sufu la mirabaraba. Mikono imeishia kwenye kiwiko.

— Amelivaa — alisema Kiwembe kwa mnong'ono.

Sasa kuna jambo moja lilikuwa halijasemwa, na lilipomfikia kila mtu kwa wakati wake, kila mtu alianza kutetemeka mabega. Tangu wimbo ule utoke mwaka jana, vijana walikuwa wanapanga foleni dukani kwa Fundi kukatiwa “mkono wa Sindano”. Kila koti, kila shati, mkono mpaka kiwiko. Fundi alikuwa amekata si chini ya thelathini, na kwa kila moja alilalamika kwamba aliyebuni mshono ule angefaa kufungwa.

— Fundi — Kiwembe alikuwa hawezi tena kupumua — si ulisema... si ulisema afungwe kifungo cha maisha?

— Na kazi ngumu! — Karani alipiga goti lake kwa gazeti. — Nilisikia kwa masikio yangu! Na kazi ngumu!

Mama Birika alicheka mpaka akalazimika kushika ukanda wa cherehani shingoni asidondoke. Mpita njia mmoja akaanza kucheka pia bila kujua sababu. Fundi mwenyewe alijitahidi kununa, lakini uso ulimsaliti upande mmoja, akatoa kicheko kifupi cha puani, kisha kikakatika.

— Chekeni. Jumamosi sitoki nyumbani. Naumwa.

— Unaumwa nini?

— Nitachagua Ijumaa.

— Mzee wangu, acha hizo! — Kiwembe alipangusa machozi. — Binti amezunguka dunia kwa kosa lako! Ungempimia vizuri angekuwa bado yuko hapo anashona matundu. Wewe ndiye meneja wake wa kwanza! Ingia ukumbini kifua mbele, dai kiti cha mbele!

— Si hivyo — alisema Karani. — Tusimdanganye mwenzetu. “Andika, usibishe” ni maneno yake, kwa lafudhi yake, na yamepigwa nchi arobaini na moja. Huko ni kusutwa. Mimi ningehama.

— Angekuwa na kinyongo angelivaa koti? — aliuliza Mama Birika.

— Mama, kuna watu wanavaa kinyongo. Kinakaa vizuri kuliko sufu.

— Ndiyo maana alicheka! — Fundi alishika kichwa. — “Alicheka tu”! Mnaona sasa? Atasimama pale, aseme, jamani, yule pale mwenye shati la bluu ndiye...

— Utavaa shati la bluu?

— Siendi!

Wakabishana mpaka birika likahitaji maji. Karani akadai kuna adhabu ya kisheria kwa kupima na chombo kilichoungua. Kiwembe akadai Sindano atamnunulia Fundi ghorofa lenye lifti, na lifti hiyo itaharibika kwa heshima. Walikuwa wamefika kwenye lifti wakati gari jeupe liliposimama mbele ya benchi, akashuka mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na vidole vyenye sugu ngumu.

— Habari za hapa.

— Marahaba — alijibu Kiwembe.

Mwanamke akamtazama kutoka kichwani mpaka kandambili, kwa muda wa kutosha.

— Shikamoo — Kiwembe alijirekebisha.

— Marahaba. Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya Sindano. Namtafuta Fundi.

Vidole vitatu vikaelekea upande mmoja. Fundi alikuwa ameshasimama, ameshagusa shati lake, kwa bahati nzuri lilikuwa la kijivu.

— Ndiye mimi.

— Koti lake la jukwaani limechoka, Fundi. Kwapa limeachia mara ya mwisho, tumelishikilia kwa pini. Anataka jipya kwa Jumamosi, na kitambaa nimekuja nacho. — Alionyesha furushi kubwa kwenye kiti cha nyuma. — Nikamwambia mji una mafundi wengi, akasema hapana, kwa koti hilo fundi ni mmoja tu. Kwa hiyo nina swali dogo amenituma, ukinijibu naondoka. Vipimo vyake yeye Sindano ni vipi?

Fundi alifungua mdomo. Kwa kawaida Fundi anaweza kukutajia kiuno cha marehemu. Aligeuka, akaingia dukani, akatoka na madaftari matatu. Akapekua. Alikuwemo Karani, aliyepimwa mara sita, kila mara kiuno kimepanda. Alikuwemo mama yake Kiwembe, walimu, wapishi, maharusi wawili ambao harusi ilivunjika. Kulikuwa na kipimo cha foronya. Kulikuwa na kipimo cha turubai la kufunikia jenereta. Kurasa zote zimeandikwa kwa mwandiko mmoja mwembamba ulioinamia kulia, mwandiko wa Sindano, miaka minne ya miili ya watu. Mwili wake mwenyewe haukuwemo.

— Alikuwa mwembamba kama uzi — alijaribu Mama Birika.

— Bega kumi na nne? — alikisia Kiwembe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona aibu ya kukisia.

Karani alitazama juu mawinguni, kama kawaida ya ofisi jalada linapokosekana.

— Sijui — alisema Fundi.

Benchi likashtuka. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka dukani mle.

— Sijui. Miaka minne amekaa mbele yangu. Nimevalisha mtaa mzima, na sikumshonea hata kitambaa cha kichwa. Sijawahi kumpima.

Mpiga besi akatabasamu.

— Alisema utajibu hivyo. Alisema ukijibu hivyo, nikuchukue. Yuko ukumbini kwenye mazoezi. Kuhusu urefu wa mikono, amesema mtabishana hukohuko.

Fundi akayafunga madaftari. Hakusema anakwenda, hakusema haendi. Alizima pasi, akatia chaki mfukoni, akavuta mlango wa duka mchana kweupe, suruali zote tatu zikabaki ndani. Akaenda akakaa kiti cha mbele, wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Alipogeuka kutafuta mkanda wa kiti, Kiwembe alikuwa ameshakaa nyuma yake.

— Wewe ni nani tena? — aliuliza mpiga besi.

— Msaidizi wake. Mimi ndiye mwenye kushika ncha ya tepe.

— Na wewe mzee?

— Mimi ni karani — alisema Karani, akimsukuma Kiwembe asogee. — Vipimo vinatamkwa, dada. Lazima awepo wa kuandika. Tena mwenye ruhusa ya kubisha.

Mama Birika hakuulizwa. Alikuwa amemwagia jiko maji, amepakata birika, anafunga mlango kwa kiuno. Gari likashuka upande mmoja kama limekubali yaishe.

Mpiga besi alikuwa amekwisha kuwasha gari aliposikia abiria wa mbele ananong'ona.

— Unasemaje, Fundi?

— Sisemi. Najaribu.

— Jaribu kwa sauti! — alisema Mama Birika.

Fundi akainyoosha kola yake. — Nisamehe, mwanangu.

— Hiyo umeikoromea — alisema Kiwembe. — Tena.

— Nisamehe, mwanangu!

— Sasa unamgombeza — alisema Karani. — Weka koma. Nisamehe, koma, mwanangu.

Ya tatu ilikatikia katikati, akashindwa kuimalizia, na wote wakatazama madirishani kumpa nafasi. Ya nne ilitoka sawasawa. Mpiga besi akaondoa gari, na nyuma yake wale watatu wakaipokea kwa sauti tatu tofauti, kila mmoja akiamini yake ndiyo sahihi, mpaka kona ya barabara.